Mashine Tatu, Geti Moja: Kucheza Gemu Mtandaoni Bila Kugombania Poti

Mashine ya gemu ikiwa peke yake nyumbani haina ugomvi na mtu. Unaichomeka, unaingiza nenosiri la waifai, unatafuta mpinzani, mpira unaanza. Matata huja mashine zinapoongezeka. Kaka mkubwa ana PlayStation 5 sebuleni, mdogo wake kanunua Xbox Series S ya mtumba kaiweka chumbani, binamu kaja likizo na PlayStation 4 yake begini. Jioni wote wakiwasha, mmoja anacheza vizuri, wa pili anaambiwa hawezi kujiunga na kikundi cha rafiki zake, wa tatu yumo kikundini lakini hasikii sauti ya mtu. Hapo wote humgeukia anayelipia intaneti na ombi moja: aongeze kifurushi.

Asiongeze, walau si kwanza. Gemu ikishapakuliwa, kuicheza mtandaoni hula data kidogo sana. Nyingi hutumia chini ya Mbps 1 kwa mashine moja. Laini ya faiba ya Mbps 10 iliyotulia inazibeba mashine tatu na bado mama akaangalia tamthilia yake. Kinachokwamisha huwa ni mambo mengine: jinsi rauta inavyowapokea wageni kutoka nje, waifai inayolazimika kupenya kuta, na mtu mmoja anayepakua gemu ya GB 100 wakati wenzake wako uwanjani. La kwanza ndilo lenye utata zaidi, na ndilo mafundi wengi hulipita juu juu, kwa hiyo tuanze nalo.

Daftari la mlinzi

Kwa kawaida kampuni ya intaneti hukupa anwani moja ya nje kwa nyumba nzima. Simu, runinga, kompyuta na mashine za gemu zote huitumia hiyo moja, huku rauta ikizigawia anwani za ndani zinazoanza na 192.168 au 10. Kazi ya kubadilisha anwani za ndani kuwa ya nje, na ya nje kuwa za ndani, huitwa NAT. Ichukulie rauta kuwa mlinzi wa geti kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Mpangaji akimtuma mtu dukani, mlinzi huandika daftarini. Mzigo ukirudi, anajua aupeleke chumba kipi. Lakini akija mgeni asiyetarajiwa, anayesema tu kwamba amekuja kucheza, mlinzi hamjui mwenyeji wake, basi humrudisha alikotoka.

Gemu zinazopitisha kila kitu kwenye seva za kampuni hazisumbuki sana na mlinzi huyu, kwa kuwa mashine yako ndiyo inayoanza mazungumzo. Shida iko kwenye gemu zinazowaunganisha wachezaji wao kwa wao, na kwenye mazungumzo ya sauti ya vikundi, ambayo mara nyingi hufanya hivyo hivyo. Hapo mgeni lazima aingie getini, na huja akiulizia namba ya mlango, yaani poti. Xbox hutumia poti 3074 ya UDP. Call of Duty, hata ikichezwa kwenye PlayStation, huitaka hiyo hiyo 3074. Mashine mbili zinataka mlango mmoja wenye namba moja, na nyumba ina geti moja. Ndiyo maana mashine iliyowashwa kwanza hustarehe na iliyofuata huteseka.

Kila mashine ina njia ya kukuonyesha hali yake. Kwenye PlayStation ingia mipangilio, sehemu ya mtandao, ujaribu muunganisho. Itakuandikia NAT ya aina ya 1, 2 au 3. Kwenye Xbox ingia mipangilio ya mtandao ujaribu aina ya NAT; majibu yake ni "Open", "Moderate" au "Strict". Nintendo Switch hutumia herufi kuanzia A. Fanya jaribio hili mashine zote zikiwa zimewashwa, na ikiwezekana gemu ikiwa imefunguliwa. Ukiipima moja wakati nyingine zimezimwa, utapata jibu zuri lisilokusaidia.

Hapa niwaokolee muda vijana wanaohangaika kutafuta NAT ya aina ya 1 kwenye PlayStation. Aina ya 1 maana yake ni kwamba mashine imeunganishwa na intaneti moja kwa moja, bila rauta katikati. Kwa nyumba yenye mashine zaidi ya moja hilo si lengo hata kidogo. Aina ya 2 ndiyo hali ya kawaida ya mtu mwenye rauta inayofanya kazi sawasawa. Cha kukimbia ni aina ya 3, na kwa Xbox ni "Strict". "Moderate" huvumilika, ila ukikutana na mwenye "Strict" mnaweza kushindwa kusikilizana.

Dawa ya kwanza ni kipengele cha rauta kiitwacho UPnP. Kikiwashwa, mashine humwambia mlinzi yenyewe: mgeni akiulizia mlango fulani, mlete kwangu. Kama mlango huo umeshachukuliwa, mashine au gemu iliyotengenezwa vizuri huomba namba nyingine na kazi inaendelea. Fungua kivinjari kwenye simu iliyo kwenye waifai ya nyumbani, andika anwani iliyobandikwa chini ya rauta (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1), ingia kwa jina na nenosiri la msimamizi, kisha tafuta UPnP. Huwa imejificha kwenye mipangilio ya juu, karibu na NAT au ngome ya usalama. Washa, hifadhi, zima rauta, iwashe tena, subiri hadi taa zake zitulie, ndipo uwashe mashine moja baada ya nyingine. Mashine zizimwe kabisa, zisiachwe zimelala. Iliyolala inaweza kuamka ikidhani bado inamiliki mlango ambao rauta imeshausahau.

Jambo hilo la mwisho lina uzito kwetu, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi, rauta huanza na daftari jipya. Zipo UPS, yaani betri za akiba, ndogo za volti 12 zinazowekwa kati ya umeme na rauta, na rauta nyingi za nyumbani hutumia volti hizo hizo. Hakikisha kwenye kibandiko cha adapta yako kabla ya kununua. Ni kifaa cha bei ndogo kinachoondoa usumbufu mkubwa.

Usichanganye UPnP na kufungua poti kwa mkono. Utaambiwa na watu wengi uingie kwenye rauta uielekeze poti 3074 kwenye mashine yako. Kwa nyumba yenye mashine moja ushauri huo ni sawa. Kwa nyumba yenye mbili ni kuanzisha vita, kwa sababu poti moja haielekezwi kwenye anwani mbili. Uliyemfungulia anafurahi, mwenzake anafungiwa nje moja kwa moja. Kama mtu alishafanya hivyo kwenye rauta yenu, futa kanuni hizo kabla ya kuwasha UPnP. Na usiiweke mashine yoyote kwenye eneo linaloitwa DMZ, kwani kila mgeni asiye na mwenyeji ataelekezwa kwake na wengine hawatapata kitu.

Xbox mbili zikiendelea kugombana hata baada ya UPnP, Microsoft wameweka njia ya kutokea. Kwenye mipangilio ya juu ya mtandao ya Xbox kuna sehemu ya kuchagua poti mbadala. Iache moja kwenye 3074, ya pili ipe namba nyingine kutoka kwenye orodha utakayoona. Ukichagua hivyo ni vema pia kila mashine iwe na anwani ya ndani isiyobadilika. Hilo lifanye kwenye rauta, sehemu ya DHCP inayogawa anwani za ndani, kwa kuihifadhia kila mashine anwani yake kulingana na namba yake ya MAC. Kuandika anwani kwa mkono ndani ya mashine huleta migongano siku rauta itakapoigawa anwani hiyo hiyo kwa simu ya mgeni.

UPnP ina upande wake mbaya: kifaa chochote kilicho ndani kinaweza kuomba mlango ufunguliwe, ikiwemo kamera ya ulinzi ya bei poa ambayo hakuna anayejua programu yake ilitoka wapi. Kwa hiyo badilisha nenosiri la msimamizi wa rauta, lisibaki lile la kiwandani, na nenosiri la kamera vilevile. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kilivamia rauta na kamera nyingi duniani kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani. Waliokitengeneza walikuwa vijana wa Kimarekani, na chanzo cha yote kilikuwa ushindani wa biashara ya seva za Minecraft. Gemu tena.

Mageti yakiwa mawili

Kama umewasha UPnP na hakuna kilichobadilika, kuna uwezekano mkubwa una mageti mawili. Kampuni ilikufungia kisanduku chao cha faiba, ambacho tayari ni rauta. Wewe ukaona waifai haifiki chumbani, ukanunua rauta yako Kariakoo au Luthuli Avenue, ukaichomeka nyuma ya ile ya kwanza. Sasa mlinzi wa ndani anafungua mlango bila kinyongo, lakini wa nje hana habari. Xbox huweza kukuambia waziwazi kwamba imegundua NAT mbili. Kwa njia nyingine, ingia kwenye rauta yako uangalie anwani ya WAN, yaani ile inayopokea kutoka nje. Ikianza na 192.168, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, jibu umelipata.

Suluhisho rahisi ni kuiondolea rauta yako cheo. Ibadilishe iwe kituo cha waifai tu; rauta nyingi zina chaguo hilo kwenye mipangilio yake. Isipokuwa nalo, zima DHCP yake, ipe anwani ya ndani isiyogongana na ya kisanduku cha kampuni, kisha waya kutoka kwenye kisanduku uchomeke kwenye mojawapo ya poti za waya zilizoandikwa LAN badala ya ile ya WAN. Au geuza: omba kampuni wakiweke kisanduku chao katika hali ya daraja, yaani kiache kazi ya rauta, ili rauta yako ibaki mlinzi pekee. Njia hii ya pili ni bora kama rauta uliyonunua ni nzuri kuliko yao, lakini itategemea kama kampuni inakubali.

Halafu kuna geti la tatu, ambalo huna ufunguo wake. Anwani za mtindo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na zilishagawanywa. Kampuni nyingi, hasa za simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Anwani ya WAN ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani hiyo ya pamoja. Safu hiyo ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo mahsusi. Anwani ya WAN ikianza na 10, ama una rauta mbili au kampuni yenyewe imekuweka nyuma ya geti lake. Rauta za laini ya 4G na 5G karibu zote ziko hivi, na vifurushi vya kawaida vya Starlink pia, jambo ambalo wengi walionunua Kenya baada ya huduma kuanza Julai 2023 walikuja kulijua baadaye. Hapo UPnP haifui dafu, kwa kuwa mlinzi wa mwisho ni wa kampuni. Uliza kama wanatoa anwani ya umma, ambayo mara nyingi huja kwa malipo ya ziada au kwenye vifurushi vya biashara, au kama wanatoa anwani za mtindo mpya, IPv6. Xbox inaitumia IPv6 vizuri. Usipopata lolote, gemu zinazotegemea seva bado zitachezeka.

Waya kwanza

Waifai ni mazungumzo ya zamu: vifaa vilivyo kwenye chaneli moja hupokezana hewa. Mashine tatu, simu sita na runinga vikiwa kwenye chaneli moja, kila kimoja husubiri, na katika gemu kusubiri ndiko kunakokufungisha goli. Kama unaweza kuvuta waya wa intaneti mpaka kwenye mashine, vuta. Waya wa Cat5e unabeba Gbps 1 hadi mita 100, kwa hiyo hakuna haja ya kununua wa bei kubwa zaidi kwa ajili ya nyumba ya kawaida. Angalia tu kwamba ni shaba halisi. Sokoni zimejaa waya za aluminiamu iliyopakwa shaba. Ni nyepesi mkononi na hukatika ndani kirahisi zikikunjwa kwenye kona.

Poti za waya kwenye rauta zikiisha, nunua swichi ya poti 5 (si ile ya Nintendo). Moja ya poti hizo itapokea waya kutoka kwenye rauta, nne zitabaki. Haihitaji mipangilio yoyote. Mtu akikuuzia rauta nyingine badala ya swichi, unarudi kwenye mageti mawili. Kwa wenye Nintendo Switch: kituo chake cha kawaida cha zamani hakina poti ya waya, utahitaji adapta ya USB, kile cha toleo la OLED kinayo.

Nyumba isiyoruhusu waya, tuseme ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki kusikia habari za kutoboa, itabidi iwe ya waifai. Basi tumia masafa ya GHz 5 kwa mashine zilizo karibu na rauta na uziachie simu GHz 2.4. Lakini jua unachomiliki: PlayStation 4 ya kwanza kabisa haina GHz 5, ila Slim na Pro zinayo. Kwenye GHz 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza. GHz 5 haipendi kuta nene, na kwa nyumba za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe au Mombasa, chumba cha pili tu kinaweza kuwa gizani. Hapo rauta iliyowekwa katikati ya nyumba, juu ya kabati, hufanya kazi vizuri kuliko ya ghali iliyofichwa nyuma ya runinga.

Anayepakua wakati wenzake wanacheza

Gemu ya GB 100 kwenye laini ya Mbps 20 huchukua zaidi ya saa 11 kushuka, hata kama hakuna mwingine anayetumia intaneti. Katika saa hizo zote laini imejaa, na vipande vidogo vya data ya gemu hupanga foleni nyuma ya mafurushi ya upakuaji. Pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, inapanda, mchezaji anaganda, kelele zinaanza. Ndugu wakikubaliana kwamba upakuaji ni wa usiku, nusu ya malalamiko huisha. PlayStation na Xbox zote zinaweza kupakua zikiwa zimelala. Zima masasisho ya saa za mchana. Kumbuka pia upande wa kupandisha data: simu inayohifadhi video za harusi kwenye wingu inaweza kuvuruga mechi kuliko runinga.

Rauta yenye kipengele cha QoS, kinachopanga data ipi itangulie, iwekee kikomo kilicho chini kidogo ya kasi halisi uliyopima, tuseme asilimia 85 au 90, kisha uzipe mashine za gemu kipaumbele. Ukiweka namba kubwa kuliko kasi unayopata kweli, kipengele hicho hakifanyi chochote.

Kuna ucheleweshaji usiotibika nyumbani. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban km 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila km 1,000 huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama km 7,500 kwa mstari ulionyooka, yaani milisekunde 75 hata kama waya ungenyooka, na haunyooki. Kabla ya nyaya za baharini kufika pwani yetu mwaka 2009 tulitegemea satelaiti zilizo km 36,000 angani, na kucheza mpira mtandaoni kulikuwa ndoto. Kwenye gemu zinazokuruhusu kuchagua kanda, kama Fortnite, jaribu Ulaya na Mashariki ya Kati, ubaki na yenye pingi ndogo. Nyote nyumbani mchague kanda moja kama mnacheza pamoja. Na siku kama ile ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, usifungue mipangilio ya rauta kutafuta kosa.

Kosa jingine linalofanana na la mtandao ni la akaunti. Watu wawili hawawezi kutumia akaunti moja kucheza mtandaoni kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja, mmoja atatolewa. Kila mtu awe na yake. Gemu za kulipia kama EA Sports FC huhitaji usajili wa PlayStation Plus, au wa Game Pass kwa Xbox, ilhali za bure kama Fortnite na eFootball hazihitaji.

Mwisho, kabla ya kupiga simu kwa kampuni, andika pembeni: aina ya NAT ya kila mashine zote zikiwa zimewashwa, anwani ya WAN ya rauta, na pingi uliyopima kwa waya. Muulize mhudumu maswali mawili tu: je, niko nyuma ya anwani ya pamoja, na je, mnaweza kukiweka kisanduku chenu katika hali ya daraja? Akikujibu kwamba uongeze kifurushi, mshukuru, kisha omba uunganishwe na fundi wa mtandao.